Mzunguko wa kwanza umeisha: tuipimeje Simba bila kujidanganya?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katibu wa tawi la Simba huku Morogoro. Msimu wa 2024/25 mzunguko wa kwanza wa Ligi Kuu ulipoisha tulikuwa kileleni kwa pointi 40, Yanga wana 39. Tawini tukachinja mbuzi. Mwisho wa msimu kombe likaenda Jangwani, kwa Yanga. Tangu hapo, kila ikifika nusu ya msimu kikao chetu kinageuka ugomvi: wapo wanaosema timu imepanda, wapo wanaotaka kocha aondoke, na wapo wanaosema mechi za CAF, zile za Afrika, ndizo zinazotumaliza. Tufundishe namna ya kuipima timu katikati ya msimu, tusije tukachinja mbuzi mwingine bure.

Jibu: Marahaba, Katibu. Yule mbuzi hakuliwa bure. Pointi 40 katika mechi 15 ni kazi, tena kazi ya timu iliyokuwa na kocha mpya na wachezaji wengi wapya. Ila mlichanganya mambo mawili: timu kupiga hatua, na timu kuwa njiani kuchukua ubingwa. Yanapimwa tofauti, na ndiyo maana wajumbe wako wanagombana wakati kila mmoja ana kipande chake cha ukweli.

Nianze na wale wanaosema timu ilipanda. Hawa hawakukosea. Msimu uliotangulia, 2023/24, Simba ilimaliza ya tatu kwa pointi 69, sawa na Azam, ikazidiwa kwa tofauti ya mabao. Gawanya 69 kwa mechi 30 unapata wastani wa pointi 2.3 kwa mechi, maana yake kwa mwendo ule nusu ya msimu ungekuwa na pointi 34 au 35. Kocha mpya, Fadlu Davids, alikuwa na 40. Mwisho wa msimu akafikisha 78, ongezeko la pointi 9, na juu yake fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Timu ya namna hiyo imepanda, hata kama kabati halikupata kombe jipya.

Kwa hiyo hatua ya timu pimeni kwa kuilinganisha na yenyewe, jirani mwacheni kwanza. Njia ninayoipenda kuliko wastani ni kulinganisha mechi kwa mechi: mpinzani yuleyule, uwanja uleule. Msimu jana mlipokwenda Sokoine kule Mbeya mlirudi Dar na pointi ngapi? Lake Tanganyika kule Kigoma je? Timu zilizoshuka daraja mnaweka mahali pake zilizopanda. Mkifanya hivyo mtaona kama pointi zenu ni za kweli au ratiba ndiyo iliyowabeba, kwa sababu kuna misimu timu kubwa inamaliza mzunguko wa kwanza ikiwa imebakiza safari ngumu karibu zote.

Sasa kuhusu ubingwa. Hapa naomba msimamo wa ligi muuweke pembeni, mchukue karatasi na kuandika pointi zilizopotea. Nina sababu mbili. Ya kwanza ni viporo, yaani mechi zilizoahirishwa. Simba na Yanga zikiwa Afrika, mechi zao za ligi zinasogezwa, na kuna wiki msimamo unaonyesha mmoja yuko mbele kwa pointi 6 kumbe mwenzake ana viporo viwili mkononi. Pointi zilizopotea hazina kiporo; ikishapotea imepotea. Ya pili ni kwamba ligi yetu, kule juu, makosa yake ni machache mno. Yanga ilichukua ubingwa wa 2024/25 kwa pointi 82 kati ya 90. Ukishakuwa kwenye ligi ambayo bingwa anapoteza pointi 8 tu msimu mzima, kuhesabu ulizokusanya hakukuambii kitu. Kila wiki mnakusanya wote. Hesabu ulizomwaga, na uliyemmwagia.

Twende kwenye mechi zile 15. Simba ilikuwa imepoteza pointi 5: mbili kwa Coastal Union, ile sare ya 2-2 ambayo mliongoza 2-0 mkaachia, na tatu kwa Yanga, Oktoba 19, 2024, 1-0, bao la kujifunga dakika za mwisho. Yanga ilikuwa imepoteza pointi 6: tatu kwa Azam na tatu kwa Tabora United, ndani ya wiki moja ya Novemba. Ukisoma juu juu, Simba wana nafuu ya pointi moja. Lakini angalia zilikokwenda. Pointi 6 za Yanga zilikwenda kwa timu ambazo hazikuwa zinagombea kombe nao. Pointi 3 za Simba zilikwenda moja kwa moja kwa mshindani wake, na mechi ya watani huwa na uzito wa pointi 6: wewe hupati 3, mwenzako anapata 3. Na haikuwa ajali ya siku moja, kwa kuwa ilikuwa mara ya nne mfululizo Simba kufungwa na Yanga.

Sasa ona mwisho wake. Msimu mzima Simba ilipoteza pointi 12. Sita kwa Yanga, mbili kwa Coastal, mbili kwa Fountain Gate, mbili kwa Azam. Yanga ilipoteza 8: zile 6 za Novemba, na 2 kwa JKT Tanzania, sare ya 0-0 ya Februari 10. Ondoa dabi mbili za ligi, yaani mechi za Simba na Yanga. Dhidi ya timu nyingine 14, Simba ilikusanya pointi 78 kati ya 84. Yanga ilikusanya 76.

Rudia kusoma hapo, Katibu, maana wajumbe wako wengi hawatakuamini. Kwa timu zote zilizobaki, Simba ndiyo iliyokuwa bora. Kombe lilipotea katika dakika 180 za dabi ya Kariakoo. Na hata ile dabi ya pili, iliyoahirishwa Machi 8 ikaja kuchezwa Juni 25, 2025, Yanga waliingia na pointi 79 na Simba 78. Simba wangeshinda siku ile, ubingwa ungekuwa wao. Wakafungwa 2-0, Pacome Zouzoua kwa penalti na Clement Mzize.

Kwa hiyo mwishoni mwa Desemba 2024, mlipokuwa mnageuza nyama, swali la kuuliza tawini lilikuwa moja: tangu Oktoba 19, nini kimebadilika kitakachotufanya tumfunge Yanga? Nani aliliuliza?

Tena jibu lilikuwa limeandikwa kwenye matokeo yenu na Yanga, ukiyapanga. Novemba 5, 2023, 5-1. Aprili 20, 2024, 2-1. Ngao ya Jamii, Agosti 2024, 1-0. Oktoba 19, 1-0. Soma mabao mliyofungwa: matano, mawili, moja, moja. Ukuta ulikuwa unapona. Sasa soma mliyofunga: moja, moja, sifuri, sifuri. Ugonjwa ulihama nyuma ukaenda mbele, na watu waliendelea kubishana kuhusu mabeki kwa sababu zile tano zilikuwa bado zinauma. Msimu ule Jean Charles Ahoua alimaliza mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16. Hakuna hata moja kati ya hayo aliloifunga Yanga. Simlaumu yeye, timu nzima haikufunga bao la ligi kwa mtani. Ninachosema ni kwamba jumla ya mabao mwezi Desemba ilikuwa inaficha tatizo hilo, kwa kuwa mabao mengi yanatoka kwa timu ambazo mngezifunga hata kwa kikosi cha pili.

Uongozi uliona kitu, maana Elie Mpanzu akaingia dirisha dogo la usajili, na alikuwa usajili wa maana. Lakini Juni 25 ubao ukasoma sifuri tena.

Nije kwa wale wa CAF. Hoja yao inapendeza: timu ilichoka, safari za Misri, Afrika Kusini na Morocco zikaiua ligi. Tarehe zinakataa. Katika mzunguko wa pili Simba ilitoa sare mbili tu, na Fountain Gate kule Babati Februari 6, na Azam Februari 24, ile 2-2 ambayo Azam walisawazisha dakika za lala salama. Robo fainali na Al Masry ilikuwa Aprili. Nusu fainali na Stellenbosch ikafuata. Fainali na RS Berkane ilimalizika Mei 25 pale Amaan, Zanzibar. Yaani sare zote mbili zilikuja kabla ya mechi ngumu za Afrika kuanza, na kuanzia Februari 24 Simba ilishinda kila mechi ya ligi, viporo vikirundikana, hadi ilipokutana na Yanga. Sikatai kwamba miguu huchoka. Ila msimu ule Afrika haikuwachukulia hata pointi moja inayoonekana, na mtu akiileta hoja hiyo kikaoni mwambie ataje mechi na tarehe.

Upande wa pili wa hoja hiyo ndio wenye maana kwa anayepima nusu ya msimu. Yanga walitolewa Ligi ya Mabingwa hatua ya makundi, Januari 18, 2025, baada ya sare tasa na MC Alger. Mashabiki wenu walicheka. Walichokipata Yanga siku ile ni miezi minne ya kufanya mazoezi na kulala nyumbani wiki nzima kabla ya mechi ya ligi. Unapopima mbio za ubingwa mwezi Januari, mwangalie mwenzako naye: ana kalenda gani kuanzia hapo?

Kuhusu kocha, hapa ndipo sauti hupanda, na nakushauri ajenda hii iwe ya mwisho watu wakiwa wameshachoka.

Yanga ya Miguel Gamondi ilianza ligi ile kwa kushinda mechi 8 kati ya 8. Ikafungwa mbili mfululizo, na katikati ya Novemba akapewa mkono wa kwaheri. Kocha mwenye pointi 24 katika mechi 10, bingwa wa msimu uliotangulia, na ndiye aliyekuwa amewafunga ninyi mara zote nne nilizozitaja. Akaja Sead Ramovic, Februari akaondoka kwenda CR Belouizdad ya Algeria, akaja Miloud Hamdi akamaliza kazi. Makocha watatu, ubingwa, na hawakufungwa tena mechi ya ligi baada ya ile ya Tabora. Shabiki wa haraka haraka atasema: umeona? Fukuza kocha.

Mkumbushe Novemba 2023. Baada ya zile 5-1 Simba nayo ilimwondoa Robertinho. Akaja Abdelhak Benchikha, naye akaondoka Aprili, Juma Mgunda akafunga msimu. Matokeo ni zile pointi 69 na nafasi ya tatu. Dawa ileile, mwezi uleule, wagonjwa wawili, mmoja akapona na mwingine akazidiwa. Kilichokuwa tofauti ni kikosi. Yanga ya 2024 ilikuwa na wachezaji waliokwisha kushinda pamoja misimu kadhaa. Ungewapa kocha yeyote mwenye akili timamu wangeshinda. Simba ya 2023 ilikuwa inahitaji kujengwa upya, na kikosi hakijengwi na mtu anayepita. Kwa hiyo kabla ya kupiga kura ya kocha, jibuni kwanza: tatizo letu ni la wachezaji waliopo kutumiwa vibaya, au ni la kukosa wachezaji? La kwanza linaweza kuwa la kocha. La pili ni la uongozi, na kumfukuza kocha kunawapa viongozi mwanya wa kulikwepa.

Mnapimaje hilo bila kompyuta za wachambuzi? Daftari la hesabu linatosha. Teueni watu wawili tawini wenye utulivu (kila tawi lina wawili, si zaidi) waangalie mechi wakiandika mambo matatu: nafasi za wazi tulizopata, nafasi za wazi tulizotoa, na dakika ambayo mechi iligeuka. Nafasi ya wazi ni ile ambayo shabiki anasimama kwenye kiti kabla mpira haujapigwa. Msibishane zaidi ya hapo. Penalti ziandikwe peke yake. Mabao ya mipira ya kutengwa pia yaandikwe kando, kwa sababu timu inayoishi kwa kona na frikiki huwa inakauka ghafla waamuzi wakibadilika au mpigaji akiumia.

Mkifikisha mechi 15 mtaona mambo ambayo msimamo hauonyeshi. Kuna timu inashinda 1-0 mara nyingi huku ikitoa nafasi sawa na inazopata. Hiyo inaishi kwa kipa, na mzunguko wa pili itatoa sare. Kuna timu inayopata nafasi sita za wazi na kufunga moja. Hiyo wala msiiogope sana, mabao yatakuja, au mshambuliaji atanunuliwa. Ninayoiogopa mimi ni ile isiyopata nafasi kabisa inapokutana na timu iliyopaki basi, yaani iliyojaa yote nyuma kulinda lango, kwa sababu baada ya Krismasi kila timu ya mkiani inapaki basi. Wana njaa ya pointi: wawili wa mwisho wanashuka moja kwa moja, wa 13 na 14 wanakwenda mchujo. Timu ya mkiani ya Septemba siyo ya Mei.

Jambo jingine la kupima ni nani akiumia mnakwisha. Wajumbe wako wengi najua ni Arsenal pia, kwa hiyo watanielewa. Msimu wa 2022/23 Arsenal ilikuwa na pointi 50 katika mechi 19 za kwanza. Wastani wa bingwa kabisa. Machi William Saliba akaumia mgongo, na timu iliyokuwa na beki wa kati wa akiba asiyefanana naye ikaanza kuruhusu mabao. Wakamaliza na 84, maana yake 34 tu katika mechi 19 za pili, Manchester City wakapita na 89. Mwezi Januari udhaifu ule ulikuwa wazi kwa yeyote aliyetazama benchi badala ya msimamo. Ninyi pigeni mstari kikosi cha kwanza: kipa, mabeki wawili wa kati, kiungo mkabaji, mshambuliaji. Kila jina liandikieni mbadala wake na dakika alizocheza msimu huu. Mkikuta mbadala ana dakika 40 tangu Agosti, hamna mbadala, mna jina.

La mwisho ni tarehe ya kikao. Kwa kawaida ninyi mnakutana mzunguko ukiisha, mnazungumza, mnaandika barua, barua inafika Msimbazi, makao makuu ya klabu, dirisha dogo likiwa limebakiza siku mbili au limefungwa. Msimu wa 2024/25 dirisha lilifunguliwa katikati ya Desemba na kufungwa katikati ya Januari. Kaeni baada ya mechi ya 12 au 13, msisubiri ya 15. Mechi mbili tatu hazitabadilisha picha. Barua iwe ya ukurasa mmoja, na isiwe na jina la mchezaji mnayemtaka, maana mkishataja jina uongozi utajibu kuhusu bei yake na mjadala utaishia hapo. Andikeni pengo: tumekosa mtu wa kufungua ukuta wa mpinzani aliyejifungia nyuma, ushahidi ni mechi hizi na hizi. Au: beki wa kati wa tatu hajacheza, tuna safari tano za mikoani zimebaki. Ulizeni swali moja la dabi, lile lile nililoandika juu, na muombe lijibiwe kwa maandishi.

Na kama msimu huu mko nyuma kwa pointi chache lakini dabi ya kwanza mmeshinda, mkoani mmeshamaliza safari nyingi, na mtani ana makundi ya Afrika mbele yake, mbuzi mnaweza kumtafuta mapema. Bei hupanda wakati wa sikukuu.